Raba Yenye Viungo Viwili

Namshukuru Mungu Baba, aliyenihesabia asubuhi nyingi kuliko nilizomwomba, akaniachia kumbukumbu hata baada ya meno kuondoka. Yeye hujua siri za watoto kabla wao wenyewe hawajazielewa, na kesho yake bado huwaamsha na kuwapa chai. Kwa jina lake naanza kisa hiki, ambacho mpaka sasa nilikuwa nimemsimulia Yeye tu.

Mwezi jana harufu ya gundi ilinitoa jikoni. Ni harufu kali, yenye utamu kidogo, ya aina inayopanda puani na kukaa nyuma ya macho. Ilitoka bandani, nyuma ya nyumba yangu hapa Nakuru, ambako gari la marehemu baba yangu limekaa miaka mingi likitagiwa mayai na kuku. Mjukuu wangu Wafula, aliyesomea ufundi wa magari, alikuwa ameanza kulifufua. Nilimkuta ameshika raba kuukuu ya kioo cha nyuma, imening'inia mkononi kama nyoka aliyeuawa.

"Kukhu, cheki hii," akaniambia. Kukhu ndivyo sisi Waluhya tunavyomwita bibi. "Raba ya kioo huwa na kiungo kimoja. Hii iko na viwili, na hapo katikati ni kipande kama kidole gumba. Huyu mzee alibugi hesabu ama raba ilimwishia?"

"Haikumwishia," nikamjibu. Nikaketi juu ya tairi.

Nilikuwa na umri wa miaka tisa. Tuliishi katika nyumba za reli, vyumba viwili na jiko, mahali ambapo kila alasiri upepo ulileta vumbi jeupe la ziwani na kulipaka kwenye nguo zilizoanikwa. Baba alikuwa fundi wa mabehewa. Kwao ni chini ya Mlima Elgon, naye alikuja huku akiwa kijana akifuata kazi, kama majirani zetu wengi. Mimi niliitwa Nekesa, jina la mama yake. Kwetu mtoto akipewa jina la mtu hupewa na sehemu ya heshima yake, kwa hiyo baba hakuniita Nekesa hata siku moja. Aliniita mama. Kukhu wangu, huyo mama yake, alipokuja kuishi nasi, baba akiita "Mama," tuliitika wawili kwa pamoja, na Kukhu alicheka mpaka kikohozi kikamshika.

Kikohozi ndicho kilichomleta. Alilazwa wiki tatu, kisha daktari akamwita baba kando. Sikusikia walichosema. Nilichosikia ni maneno ya Kukhu mwenyewe jioni ile, akiwa ameketi kwenye kitanda tulicholala pamoja.

"Nirudishe nyumbani," alimwambia baba. "Nataka kuketi mlangoni pangu nione nani anapita."

Safari ya basi isingewezekana, kwa kuwa hakuweza kuketi wima muda mrefu. Na njia ya kwetu hupanda kwanza mpaka Timboroa, kwenye ukungu na mvua ya baridi, wakati daktari alikuwa amesema kifua kile kisiguswe na baridi wala unyevu. Ndipo baba akaenda Elburgon, kwa mwenye kiwanda cha mbao, akarudi akivutwa na lori ndani ya gari refu lenye nafasi ya kulaza godoro nyuma. Lilikuwa limeachwa miaka mingi nyuma ya rundo la magogo. Viti vilikuwa vimeota uyoga, na raba za madirisha zilikatika ukizigusa, kama mkate uliokauka.

Baba na rafiki zake wa karakana walilifanyia kazi kila jioni kwa miezi miwili. Kukhu aliketi kizingitini amejifunika blanketi, akiangalia. Injini iliponguruma mara ya kwanza aliinua mikono na kumshukuru Mungu kwa sauti, kisha akauliza kama kelele hiyo itakuwepo njia nzima.

Vioo viliachwa mwisho, na cha nyuma kikawa cha mwisho kabisa, kwa kuwa chini yake ndipo kichwa cha Kukhu kingelala. Naona bado mikono ya baba. Alikata raba ikiwa ndefu kuliko tundu kwa upana wa kidole, kwa sababu, alisema, raba ni kama konokono, ukiiacha hurudi nyuma. Alisugua ncha zake kwa msasa, akazifuta kwa kitambaa chenye petroli, akapaka gundi nyembamba huku na huku. Kisha hakuziunganisha. Aliketi.

"Mbona huzibandiki?" nikamuuliza.

"Gundi ikiwa majimaji haishiki, mama. Ingoje ikaribie kukauka. Watu wengi huharibu hapo."

Alipozigusa kwa ukucha na ukucha haukuchafuka, ndipo alizikutanisha, akazibana kwa vibao viwili na kuziacha siku mbili. Jirani yetu, baba yake rafiki yangu Chebet, alipita akatikisa kichwa.

"Fundi, unatengeneza gari ama safina? Nuhu mwenyewe angekuwa ameshamaliza."

"Nuhu alikuwa na lami," baba akamjibu bila kuinua kichwa. "Mimi nina gundi tu."

Siku ya tatu, Jumatano alasiri, kioo kiliingia. Baba aliipaka raba maji ya sabuni, akazungusha kamba kwenye mkunjo wake, akaivuta polepole kutoka ndani huku mama akisukuma kioo kwa viganja kutoka nje. Kiungo kilikaa upande wa juu, maji yasituame hapo. Kisha baba akachukua kopo la unga mweupe, ule wa mawe mepesi yanayochimbwa Kariandusi. Mwenzake alikuwa amemletea. Akaunyunyiza ukingoni, ndani ya gari, pote chini ya raba. Nilidhani ni wa kuifanya raba iwe laini, kama mama alivyompaka mdogo wangu poda baada ya kuoga.

Tungeondoka Alhamisi kabla ya jua. Godoro lilikuwa limeshafungwa. Kukhu alikuwa ameshawaaga majirani wote, wengine mara mbili.

"Ingia ulale pale Kukhu atakapolala," baba akaniambia. "Nitamwaga maji. Uniambie kama yanaingia."

Nikalala chali. Maji yakaanguka juu ya kioo, ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Niliona uso wa baba juu yangu ukipindapinda kama wa mtu aliye mtoni. Ndani palinuka gundi na sabuni. Nami nilikuwa nikifikiria kitanda kile, na jinsi ambavyo kuanzia kesho kingekuwa kikubwa. Hakuna ambaye angenisimulia hadithi za fisi na sungura akisahau mwisho na kuubuni upya. Hakuna ambaye angeweka miguu yake baridi juu ya yangu na kusema, "Wajina, nipe moto kidogo."

"Mama, inavuja?" baba akauliza.

Hakuna tone lililoanguka. Naliandika hili mbele za Mungu, hakuna hata moja.

"Inavuja," nikasema. "Hapa juu, kwenye kiungo."

Baba aliweka ndoo chini. Akafungua mlango, akaingiza kichwa na mabega, akapitisha kidole juu ya unga ule, taratibu, kutoka kona mpaka kona. Alitazama kidole chake, akapuliza unga. Hakunitazama mimi. Alitazama kule kizingitini, alipokuwa ameketi mama yake.

"Basi," alisema, "tutaanza upya."

Kioo kikatoka. Baba alikikata kiungo kile kwa kisu chake kikali, na kwa kuwa raba sasa ilikuwa fupi, akaingiza kipande kidogo na kuunganisha pande zote mbili. Gundi, kungoja, vibao, siku mbili. Kioo kingerudi Jumamosi. Jumapili baba hakugusa chombo chochote tangu nimjue, wala hakusafiri. Kwa hiyo tungeondoka Jumatatu.

Kukhu alipoambiwa alicheka kimyakimya, akiogopa kikohozi.

"Nimengoja mvua, nimengoja mume atoke vitani, nimengoja watoto waote meno. Sasa nangoja raba."

"Ni siku nne tu, Mama," baba alisema.

"Mwanangu, nimesikia."

Usiku wa siku zile aliweka miguu yake juu ya yangu, nami nilifurahi. Niliona nimeshinda.

Jumapili asubuhi tulienda kanisani, na mama akabaki naye. Tulikuwa tumesimama tukiimba mtoto wa jirani alipoingia na kumnong'oneza baba. Baba hakutoka mara moja. Alimaliza ubeti akiwa amefumba macho, sauti yake ikiwa chini ya zote, kisha akanishika mkono tukatoka. Njiani mkono wake ulinibana mpaka vidole vikafa ganzi.

Jumanne tukampeleka nyumbani, amelala nyuma pale palipopangwa godoro, ndani ya sanduku alilolitengeneza baba na wenzake. Baada ya Elburgon mvua ilianza, na kule Timboroa ikawa mvua ya kufunika dunia. Nilikuwa nimebanwa kwenye kiti na mama, nimegeuza shingo. Nilikitazama kile kioo njia nzima nikiomba kivuje. Nilimwambia Mungu: tone moja tu, niwe nilisema kweli. Halikuingia. Tulifika usiku wa manane, na kitambaa cheupe kilichofunika sanduku kilikuwa kikavu kabisa. Baba alikigusa kwa kiganja, akaegemea gari, akalia kama nilivyokuwa sijawahi kumsikia mwanamume akilia. Ndugu zake walidhani ni uchovu wa safari unaomliza.

Mlango wa Kukhu niliuona kesho yake. Mbele yake pana njia nyembamba iendayo kisimani. Watu wengi walipita.

Sikumwambia baba. Nilikusudia kumwambia nilipobatizwa, nilipoolewa, na alipokuwa amelala katika ugonjwa wake wa mwisho. Kila mara nilimwona akipitisha kidole juu ya ule unga, akiniamini, nikaahirisha. Nilimtubia Mungu na ninaamini alinisamehe, kwa maana ameahidi. Lakini nilibaki nikijua kwamba ni mimi, peke yangu, niliyemnyima mwanamke yule mlango wake.

Sasa nirudi bandani. Gundi ya raba mpya ilipokauka, Wafula alirudisha kioo, kisha akasaga chaki na kuinyunyiza ukingoni, ndani ya gari. Nikamuuliza ni ya nini.

"Ni ya kucheki maji, Kukhu. Tone likiingia, hata kama ni dogo, unaona doa hapa kwa chaki. Mtu aliye ndani anaweza kosa kuliona. Chaki haiwezi."

"Na kama haina doa?"

"Basi hakuna kitu imeingia. Ni kavu."

Nilimwomba arudie. Akarudia, kwa upole, akidhani masikio yangu ndiyo yenye shida.

Kwa hiyo baba aliona. Alisoma unga ule mkavu kutoka kona mpaka kona, akajua kiungo chake ni kizima na mtoto wake amesema uongo. Kisha akamtazama mama yake aliyeketi kizingitini, akachukua kisu, akakikata kiungo kizima. Mimi nilidhani niko peke yangu. Yeye alijua tuko wawili, na miaka yote ile alibeba fungu langu juu ya lake, asinilaumu hata kwa jicho. Pengine aliona kwamba akinisamehe kwa maneno atalazimika kunieleza na lake. Sijui. Nitamuuliza, na siku si nyingi.

Msidhani hilo limenipa faraja tupu. Tungekuwa wawili au kumi, Kukhu hakuketi mlangoni pake. Tulimpenda, na kwa mapenzi hayo tukamchelewesha.

Niliichukua ile raba kuukuu nikavuta kile kipande kidogo kwa nguvu zote zilizonibakia, kwanza kiungo cha kushoto, kisha cha kulia. Havikuachia. Nikamwambia Wafula asiitupe.

Ameniuliza tutaenda wapi kwanza gari likikamilika. Nimemwambia ni kwenye ule mlango unaotazama njia ya kisimani, na nimemwambia pia tusingoje rangi.

Nawe uliyekaa nami mpaka hapa, Mungu akuzidishie siku na usingizi mtamu. Kama nyumbani kwako kuna mzee aliyekuomba umpeleke mahali, Bwana akupe moyo wa kumpeleka angali anaiona njia, naye akikanyaga mlangoni pake akubariki kwa kinywa chake mwenyewe. Amina.