Jedwali la Wanaojua Alipo

Mwalimu wetu wa hifadhidata aliingia darasani siku ya kwanza akiwa na chaki tu mkononi, akatuambia tufunge kompyuta zote. Tulikuwa tumezingojea kwa hamu, na siku hiyo umeme ulikuwapo, jambo ambalo pale chuoni Kolwezi si la kila siku. Tukazifunga. Kisha akataja jina moja la Kikristo, lile la wavulana ambalo halikosekani katika familia yoyote ya kwetu. Wakasimama wanafunzi kadhaa.

"Mumoja wenu alipata sifuri," akasema. "Ni nani?"

Wakatazamana. Darasa likacheka, naye akangoja tumalize.

"Munacheka, lakini mashini haichekake. Itapatia ile sifuri yeyote tu. Jina haitoshe kujua muntu."

Ndivyo nilivyojifunza maana ya ufunguo, ile namba ambayo kila mtu anapewa yake peke yake, asichanganywe na mwenzake hata wakiwa wa jina moja na kijiji kimoja. Mwalimu alikuwa mama wa makamo, mfupi, na vumbi jekundu la pikipiki halikuisha kwenye kitenge chake. Alifundisha kwa Kifaransa kama walimu wote, ila jambo likiwa zito alirudi kwenye Kiswahili chetu, na sisi tukajua kuwa hapo ndipo pa kusikiliza. Majuma yalipita hatujagusa kompyuta. Tulichora masanduku ubaoni na kuyaunganisha kwa mistari, naye akauliza. Hakumwambia mtu kwamba amekosea. Aliuliza tu, "Na kama muntu eko na simu mbili?" Mtu akasimama pale mbele, akafikiri, akachukua kitambaa na kufuta mwenyewe.

Mwaka wa mwisho alitutuma wawili wawili kufanya kazi ya kweli mjini. Mimi nilipangwa na dada mmoja wa Kasaji, binti wa fundi wa reli. Nilikulia kwenye nyumba yenye kompyuta, kwa sababu baba yangu alikuwa karani. Yeye aliiona kompyuta kwa karibu alipofika chuoni. Vidole vyangu vilikuwa vyepesi kuliko vyake, lakini kwa kufikiri sikumfikia.

Tulipelekwa kwenye kituo cha damu, mtaa wa Manika. Muuguzi mkuu alitueleza shida yake. Watu wanaotoa damu wengi ni vijana wachimbaji, waliotoka kila pembe ya Kongo kufuata shaba na kobalti. Leo wako Mutoshi, kesho wamehamia shimo lingine, na namba ya simu aliyoiacha mtu mwezi uliopita sasa ina mwenyewe mwingine. Tukachora jedwali la watu na jedwali la simu zao, nikadhani tumemaliza. Yule dada akachora la tatu.

"Hii ni ya nini?" nikamuuliza.

"Ya bale benye kujua kwenye muntu eko. Kwetu Kasaji ukitafuta muntu, hauanzake na simu. Unauliza mama mwenye kuuzisha ndizi pa gare ya treni."

"Lakini mama wa ndizi haiko kazi ya mashini."

"Juu ya nini? Eko anajua."

Tukampelekea mwalimu mchoro. Aliutazama, kisha akamgeukia mwenzangu.

"Ule mama wa ndizi, utamwambia nini?"

"Nitamwambia tunatafuta muntu fulani, mama prof."

"Juu ya nini?"

"Ile sitamwambia."

"Muzuri. Damu ya muntu ni mambo yake mwenyewe. Kwanza umuulize mwenye damu kama anakubali tumuite kupitia ule mama. Na ujumbe useme tu: banakutafuta, uite hii namba."

Likitoka kwa mwalimu yule, neno hilo "muzuri" tuliweza kuishi nalo muhula mzima.

Tukaijenga hifadhidata. Asubuhi moja tulikuwa pale kituoni tukiingiza majina yaliyobaki, muuguzi mkuu akaingia haraka. Hospitali ilikuwa na mama aliyejifungua na damu haikomi. Alihitaji damu ya kundi O hasi, ambayo kwetu wenye nayo ni wachache, na friji ya kituo haikuwa na hata mfuko mmoja.

"Batoto, ile kintu yenu inaweza kutafuta?" akauliza.

Nikaandika swali kwenye kompyuta, na vidole vyangu vyepesi vikakosea herufi. Nikaandika tena. Yakatoka majina matatu. Wa kwanza alikuwa amehamia Likasi. Wa pili alikuwa ametoa damu siku chache zilizopita na mwili wake ulihitaji kupumzika. Wa tatu alikuwa mchimbaji wa Mutoshi. Tulipiga namba zake zote mbili, zote zikawa hazipatikani. Chini ya ardhi simu haifiki.

Yule dada alikwisha fungua jedwali lake. Palikuwa na mama mmoja anayekaanga maandazi karibu na machimbo na kuwaita wachimbaji watoto wake, na kijana yule alikuwa amekubali atafutwe kupitia kwake. Dada akapiga. Nilisikia mafuta yakichemka upande wa pili.

"Mama, jambo. Tunatafuta mutoto wako, ule mukubwa mwenye kutoka Kabinda."

"Alishuka asubuhi. Kuko mambo?"

"Hapana, mama. Aite tu hii namba, mbio."

Yule mama hakuuliza tena. Baadaye tulisikia kwamba aliacha karai lake kwa jirani, akaenda mwenyewe mpaka mdomo wa shimo kuita. Kijana alipiga simu, na haukupita muda mrefu akashuka kwenye pikipiki mlangoni petu, matope mpaka nywele. Kwanza aliomba maji anawe mikono.

"Nilizani mulisha kunisahau," akasema, akamnyooshea muuguzi mkono.

Wakampima, damu ikapelekwa. Mchana wakatuambia kwamba yule mama aliyejifungua ameanza kuongea na anaulizia mtoto wake. Mwenzangu alikuwa ameketi kwenye kiti cha wachangiaji, machozi yanamtoka kimya kimya. Mimi nilitoka nje, nikasimama juani bila kujua nifanye nini na mikono yangu.

Muuguzi mkuu alikuja chuoni kushukuru. Mwalimu alimpokea, akamwonyesha dada mbele ya darasa zima: "Ile wazo ni yake. Mi niliuliza tu." Walipomaliza kupiga makofi, alitugeukia sisi wawili. "Na kama ile mashini inaibiwa leo, bale bantu beko wapi tena?" Hatukuwa na nakala ya data. Jioni hiyo hiyo tukaitengeneza.

Siku hizi mimi ninatunza data za hospitali moja hapa mjini. Mwenzangu aliitwa kazini kwenye ofisi ya mgodi, akakataa, akaenda kusajili wachangiaji wa damu upande wa Kasaji. Jumapili iliyopita alinipigia kutoka kwenye uwanja wa parokia, watu wamepanga foleni baada ya misa, na kompyuta imegoma. Tulihangaika nayo kwenye simu, mimi nikisema, yeye akijaribu, kwaya ikiimba nyuma yake.

"Aya, inaitika," akasema. "Acha nikate, bantu banangojea."