Fundi Aliyeyapima Maneno ya Kwenye Boksi

Jumanne asubuhi nilikuwa nahangaika kutafuta la kuwaandikia wiki hii, simu ikaita. Alikuwa yule mama wa Kichaga anayeuza maharage kwa jumla kwenye uchochoro mmoja nyuma ya Mtaa wa Msimbazi, na safari hii hakuanza na utani wake. "Mwandishi, fundi wetu hatunaye," akasema. Alikuwa fundi wa pikipiki, jirani yake wa miaka mingi na rafiki yangu. Wengi wenu hamkumjua, maana hakuwa na bango. Alikuwa na kigoda, sanduku la spana na ukuta wa nyumba ya zamani alioegemeza kazi zake. Alhamisi tulimzika, na tangu nirudi makaburini kuna jambo linanisumbua rohoni. Leo nalisema hapahapa gazetini, kwa sababu ni hapahapa nililikosea.

Pikipiki zilipogeuka kuwa kazi ya watu mjini, yakaja na makampuni ya kuuza vifaa vya kuziongezea injini nguvu. Mnayajua, yanapanga vitu vyake mezani na spika inapiga kelele tangu asubuhi: kabureta kubwa, ekzosi za kunguruma, pistoni za mashindano, vidude vya kufunga kwenye waya. Na kila boksi lina maneno yake. Mwendo zaidi, mafuta kidogo, injini kudumu. Yote matatu kwa mpigo, jamani! Fundi alikuwa akiletewa boksi hulisoma kwa sauti, polepole, kama mzee anayesoma barua ya posa, halafu anauliza, "Sasa hizo nguvu zimetoka wapi?" Wala hakuwa mtu wa kubeza kila kitu. "Kabureta kubwa inaongeza mwendo, kweli kabisa, ila itakunywa mafuta. Sproketi ndogo ya nyuma, ile gia ya mnyororo, itakukimbiza kwenye tambarare, lakini pakia watu wawili kwenye mlima uone kama hujashuka kusukuma. Injini haina mjomba, bwana. Ukichota huku, kule kumepungua." Mteja akiridhika na hesabu hiyo, alimfungia bila maneno. Aliyemkasirisha ni yule anayetaka kuchota pasipungue.

Alikuwa na namna yake ya kupima. Jumapili asubuhi, maduka yamefungwa na njia nyeupe, alijaza petroli kwenye chupa ya maji mpaka kwenye alama, akaifunga juu ya usukani kwa mpira, akaunganisha bomba lake na kabureta. Dereva anazunguka mitaa ileile minne hadi injini izime yenyewe, na kila mzunguko fundi anachora mstari wa chaki ukutani. Halafu anafunga kile kidude, anajaza chupa upya, wanarudia. Nyuma ya dereva ulikaa mzigo, na mzigo ulikuwa mimi. Tulivyojuana ndivyo hivyo: nilikwenda kumhoji, akaniambia, "Panda, natafuta mtu asiyenenepa." Kabla ya kupanda nilipimwa kwenye mizani ya yule mama wa maharage, naye hakuacha kunichokoza. "Mwandishi, kilo mbili zimeongezeka! Jana ulialikwa harusi ya nani?" Basi navua viatu, navua koti, mpaka mizani isome kama ya mwanzo. Nilicheka sana asubuhi zile. Nazikumbuka kuliko safari nyingi za maana nilizopata kwenda.

Ila kulikuwa na sharti moja ambalo hakulegeza hata kwa rafiki: dereva haambiwi kama kidude kimefungwa au hakijafungwa. Anatumwa akanywe chai, fundi anafunika injini kwa kipande cha turubai, anafanya anachofanya. Nilidhani ni mbwembwe. "Ukimwambia kimefungwa," akanieleza, "mkono wake wenyewe unakuwa mpole kwenye mafuta. Anataka iwe kweli, kwa hiyo anaifanya iwe kweli. Hapo unapima moyo wa mtu, hupimi injini."

Sasa nije kwenye kosa langu. Miaka michache iliyopita nilijinunulia kisanduku cheusi, ukubwa wa kiberiti, cha kufunga kwenye waya wa plagi. Nilikifunga mwenyewe kwenye pikipiki yangu, nikaenda nacho mpaka Kivukoni na kurudi, na wallahi niliona pikipiki imekuwa nyepesi. Nikarudi mezani nikaandika. Mlisoma, wengine mkanipongeza. Niliandika kwamba kwa mara ya kwanza boksi limesema kweli, na kwamba mwenye pikipiki asiyekifunga anajinyima. Hivi mtu aliyekuwa akipimwa kwenye mizani ya maharage kila Jumapili aliandikaje vile bila kupima? Nilikipenda kile kidude, ndiyo sababu, na sina nyingine.

Fundi hakunigombeza. Jumapili iliyofuata alinituma chai mimi. Niliporudi, turubai lilikuwa juu ya injini. "Zunguka," akasema, "halafu uniambie." Nikazunguka, nikarudi natabasamu: "Kimo! Nimeisikia injini inavuta." Akanituma chai tena, nikazunguka tena. "Hapo umekitoa," nikamwambia. "Imekuwa nzito mara moja." Akaingiza mkono mfuko wa ovaroli akatoa kisanduku changu, kimefungiwa kwenye leso. Kilikuwa mfukoni mwake mara zote mbili. Loo, nilitamani ardhi ipasuke! Mama wa maharage alicheka mpaka akakaa kwenye gunia. Kisha tukakipima kihalali, kwa chupa, dereva mwingine akiendesha nami nimerudi kuwa mzigo: mistari ya chaki ikawa ileile, na injini ikazimika mbele ya mlango uleule, kikiwemo na kisipokuwemo.

"Hukusema uongo," fundi akaniambia wakati akinawa mikono. "Umesema ulichohisi. Lakini watu wanakusoma, ndugu yangu. Waandikie." Nikasema nitaandika. Wiki ile nikaandika habari za mvua. Wiki iliyofuata kukawa na jambo jingine, na mnajua wenyewe kwamba mwandishi hakosi jambo jingine. Nilipompitia aliuliza, "Umeandika?" nami nikajibu bado. Aliuliza mara tatu hivi, halafu akaacha kuuliza. Niliona amesahau, na nikashukuru moyoni. Nilikuwa naogopa kuchekwa, hakuna zaidi.

Siku hizi ule ukuta haupo. Nyumba ilivunjwa, limesimama ghorofa lenye maduka ya simu na mapazia, na fundi aliishia kufanya kazi chini ya ngazi zake, bila mahali pa kuchora chaki. Wauzaji wa maboksi wameongezeka, na sasa wanatangaza kwenye simu, video zinaonyesha pikipiki zinaruka. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Niliwahi kumtajia fundi msemo huo akatikisa kichwa: "Zamani. Siku hizi hata kizuri kinajitembeza, ndiyo maana lazima kipimwe." Nimezikumbuka sana Jumapili zile wiki hii. Watu wazima wanne walikuwa wanapoteza asubuhi nzima ili wajue jambo moja kwa uhakika, na wala hapakuwa na anayewalipa.

Pale msibani, Ilala, dereva mmoja wa bodaboda, baba mzima mwenye mvi kidevuni, alinijia. "Shikamoo, mzee." "Marahaba." "Wewe si ndiye mwandishi wa gazetini? Njoo uone." Akanipeleka kwenye pikipiki yake, akainama, akanionyesha kwenye waya wa plagi: kisanduku cheusi, ukubwa wa kiberiti. "Nilisoma kwako. Nikamnunulia na mdogo wangu. Marehemu aliniambia hakifanyi kitu, tukabishana sana, mpaka nikamletea gazeti lenyewe. Alilisoma lote, akalikunja, akanirudishia." Nikamuuliza marehemu alisemaje. "Alisema, 'Huyu namfahamu, ni mtu mkweli. Alikipima mwenyewe akaona. Subiri, ataandika.' Basi mie nikasubiri. Naona hujaandika, nikajua kumbe kinafanya kazi."

Niliinama nami kukitazama kile kisanduku. Watu walikuwa wanainua jeneza, tukaenda kuzika. Njia nzima nilikuwa nawaza kwamba fundi angeweza kunitaja kwa wateja wake wote kuwa mwongo, na ushahidi ulikuwa mfukoni mwake. Badala yake aliwaambia wasubiri.

Basi ndugu yangu wa Ilala, wewe na mdogo wako, na kila aliyenisoma siku ile: kile kisanduku nilikipima, na hakifanyi kitu. Kifungueni. Nilichohisi ni hamu yangu tu, na mimi nikawauzia kama kweli. Nimejifunza kwa kuchelewa kwamba kukosea ni jambo la mchana mmoja, lakini kukaa kimya kunaendelea kumdanganya mtu kila anapowasha pikipiki yake. Ukijua umekosea, sema wakati aliyekuamini angali anakuuliza.

Fundi, nimeandika.