Maharage ya Mama Zawadi kwenye jiko langu

Jamani, leo wivu umenishika.

Jirani yangu hapa Gungu, Mama Zawadi, kanunua jiko la gesi. Sufuria zake zinang'aa!

Mimi napuliza kuni mbichi, mwanangu anakohoa mgongoni. Sisi na wakimbizi wa kambini tunakata kuni kwenye vilima vilevile, kavu zimekwisha.

Mchana huo, kaja na sufuria ya maharage.

"Shoga, nibandikie kwako. Maharage yanamaliza gesi."

Yaani gesi yake ni ya chai, moshi wa maharage ni wangu?

"Lete," nikamwambia. "Ila mwanangu analala ndani kwako mpaka yaive."

Kacheka, kampokea.

Yameiva jioni. Mtoto hajakohoa hata mara moja.

Wivu bado ninao.

Mnaonaje, kesho nimshauri apike makande?