Upande wa Sindano

Wifi yangu Priska alinificha upande wa sindano. Kosa lenyewe ni hilo, na nalisema mapema ili mtu asije akadhani nalalamikia jambo jingine. Alijua, akanyamaza miezi mitatu, huku akiwaambia watu kwamba kichwa changu hakishiki kitu.

Naitwa Anyesi, mama Devota, nakaa Ipagala na mume wangu Yoramu. Shule sikuipata, nilichunga mbuzi wa baba mpaka nikaolewa. Kwa hiyo nilipotaka kununua cherehani kwa fedha za karanga zangu, nilimwomba Priska, dada yake Yoramu, anisindikize. Yeye ni fundi, ana kibanda chake Miyuji, nikaona ni bahati kuwa na fundi ndani ya ukoo.

Tulikwenda mjini kwa Abdulrahim, mtu wa Kondoa anayeuza cherehani mpya na zilizotumika. Macho yangu yalikwenda kwenye ndogo ya umeme, nyeupe, yenye vitufe. Priska alicheka mpaka wateja wengine wakageuka.

"Hiyo ina maandishi kila mahali, wifi. Utayasoma kwa pua? Na siku umeme ukikatika utashona kwa maombi?"

Akanipeleka kwenye zile nyeusi za kukanyaga, zenye meza. Hapo nakiri alifanya kazi. Aliinama akakagua mkanda, akazungusha gurudumu akisikiliza, akakunja kitambaa mara nne akashona, kisha akakigeuza atazame mshono wa chini kama umekaza. Ya kwanza akaikataa, ya pili akaikataa. Abdulrahim akachoka.

"Mama, atakayeshona ni nani? Huyu au wewe?"

"Mimi," nikasema.

"Basi keti wewe ukanyage."

"Mwache, hajui," Priska akamjibu, na kitini hakuinuka.

Sasa najua alikuwa anachagua mashine yake. Siku ile niliona ni upendo.

Nyumbani alinifundisha siku moja. Nianze bila uzi, juu ya karatasi ya mfuko wa saruji, mpaka miguu izoee. Gurudumu lizunguke kuja kwangu, nikilirudisha nyuma uzi utakatika. Akanionyesha kupitisha uzi wa juu na kujaza bobini ya uzi wa chini. Yote aliyoyasema niliyashika. Siku ya nne nilishona foronya, mstari umenyooka. Siku ya tano nikapitisha pindo la suruali ya Yoramu, pale nguo ilipokunjwa nene, sindano ikavunjika.

Sindano nyingine nilikuwa nazo, pakiti nzima. Nikampigia simu kumuuliza mpya inawekwaje.

"Inaingia tu pale juu, unakaza skrubu. Kigumu ni nini?"

Nikaweka, nikakaza. Mashine ikatoboa mashimo matupu, uzi wa chini haukupanda. Nikatoa uzi wote nikapitisha upya. Nikatoa bobini, nikapuliza vumbi, nikarudisha. Nikatia mafuta, yakachafua kitambaa. Kutwa nzima nakanyaga, na kitambaa kinatoka na vitundu kama chekecheke.

Priska alikuja baada ya wiki. Akakaa, akajipepea, akasema, "Nichotee maji kwanza, wifi, yale ya mtungini." Niliporudi na kikombe, mashine inashona.

"Ilikuwa na nini?"

"Haikuwa na kitu. Ni mkono wako tu."

Sindano ya pili ilipovunjika, alinituma mkasi kwa jirani yangu Anastazia. Ya tatu, alitaka nikamwangalizie kama bajaji yake bado ipo barabarani. Mwanamke wa makamo, mama wa watu, natoka mbio na kanga yangu kwenda kutazama bajaji! Nikirudi, mashine inashona, na yeye anafuta mikono kama daktari.

Kisha ikaja siku ya kikundi cha akina mama wa kanisani. Nilikuta wanawake kumi na mmoja wakipanga sare za Sikukuu ya Mavuno, na Priska amealikwa kama fundi. Anastazia, ambaye ni mwenyekiti, akasema, "Mama Devota si ana cherehani? Atushonee."

"Labda mshonewe na mbuzi wake," Priska akadakia. "Asiyejua a wala be, cherehani ataijulia wapi? Ukimfundisha yanateleza."

Wakacheka. Hata walioziba midomo kwa kanga walicheka.

Yoramu aliyapata hayo kwa dada yake. Jioni akaniambia, "Tufanye hivi. Mpaka Mavuno kama hujashona hata gauni moja, Priska aichukue akaitumie kibandani. Hapa imekuwa pambo."

"Ni karanga zangu hizo, baba Devota."

"Nani kasema si zako? Anaitumia tu."

Anaitumia tu! Misimu miwili nilipalilia zile karanga, na mgongo uliotumika ni wangu.

Baada ya hapo sikumpigia simu tena. Sindano aliyoiweka yeye ilikuwa bado iko kwenye mashine, inashona. Nikachukua mpya moja kutoka kwenye pakiti, nikaizungusha vidoleni kama ninavyochambua karanga mbovu bila kutazama. Kichwa chake upande mmoja ni mviringo, upande wa pili ni bapa. Nikagusa ile ya Priska, nikaona bapa imeelekea wapi. Nikalegeza skrubu, nikaigeuza, nikakanyaga: mashimo matupu. Nikaigeuza tena: mshono. Nilifanya hivyo mara tatu kama mwendawazimu. Siku zote mkono wangu ulikuwa ukiiweka kinyume. Sikumwambia mtu, nikamngoja Priska mwenyewe aje.

Wiki ya Mavuno Priska akaja asubuhi na mtu wa mkokoteni. Yoramu alikuwepo. Nikachomoa sindano, nikamkabidhi.

"Iweke, wifi, tuione inashona kabla haijaondoka."

"Niletee maji kwanza."

"Maji hayo hapo mezani."

Akamtazama kaka yake, akanitazama mimi. Akaiweka. Akaiweka kinyume, kwa makusudi, na yeye fundi wa miaka kumi na nane. Akakanyaga, kitambaa kikatoka na vitundu.

"Mnaona? Mashine hii ina matatizo. Nikaifungue kibandani."

Nikamwambia apishe. Nikalegeza skrubu, nikageuza bapa ilikotakiwa, nikakaza, nikashona pindo la kitambaa cha meza kutoka mwanzo mpaka mwisho, nikalitupa mapajani mwa mume wangu. Yoramu akaligeuza huku na huku, akacheka.

"Kumbe ni kitu kidogo hivyo! Basi, yaishe."

Yaishe yaende wapi? Priska aliondoka na mkokoteni mtupu. Cherehani iko kwangu, na sare tatu za Mavuno nilizishona mimi. Nyingine zilishonwa Miyuji, kwa sababu akina mama waliamini walichoambiwa.

Ninachodai ni hiki. Priska asimame mbele ya wale wanawake kumi na mmoja, aseme kwamba sindano ina upande, kwamba aliujua, na kwamba alinitoa nje ili nisiujue. Hajasema mpaka leo. Na Yoramu, aliyeona kwa macho yake, anadaiwa kumwambia aseme.