Senga Rattray, anayewahi langoni kabla ya muuza heroini

Saa tano na robo asubuhi mvua ya upepo inapiga lango la gereza, mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka mji wa Dundee. Senga Rattray amesimama nje, pai mbili za nyama zikipata joto ndani ya koti lake.

Fraser Coull, miaka 31, anatoka baada ya miezi saba.

"Umenenepa wewe! Kumbe viazi vya bure vinakupenda?"

"Mama Senga, nipe pai, acha maneno."

Utani unaishia hapo. Leo duka la dawa la mjini linafungwa saa sita mchana, na kwa sababu ya sikukuu halitafunguliwa hadi Jumanne. Fraser asipokunywa methadoni yake, dawa inayotuliza kiu ya heroini, atatafuta heroini yenyewe, na kiasi alichokizoea zamani sasa kinaweza kumuua. Mwili umeshakisahau.

Senga, 56, aliendesha basi la mjini miaka kumi na tisa. Siku moja kijana aliyetoka gerezani asubuhi hiyo alisinzia kwenye kiti cha nyuma.

"Nilimwonea huruma, nikamwacha alale mpaka mwisho wa safari," anasema. "Nilipomgusa, mwili ulikuwa wa baridi."

Aliacha basi mwaka huohuo, akajiunga na shirika dogo la kuwapokea wanaotoka gerezani, linalomlipa theluthi mbili ya mshahara wa zamani. Ndani ya gari lake hakuna kulala.

"Nimechoka tu, mama!" Fraser analalamika njiani. "Usiku kucha nilikuwa na hofu."

"Choka macho wazi. Niimbie."

Fraser anaimba vibaya mno, lakini anaimba.

Wanafika dukani zikiwa zimebaki dakika nane. Mfamasia anatafuta jina, halioni. Gerezani wamesahau kutuma karatasi ya daktari. Fraser anageukia mlango.

"Basi. Kuna jamaa namjua, nitajipanga."

"Kaa chini!" Senga ameshashika simu, anapiga gerezani. "Na wewe dada, ukitaka kufunga, tufungie humuhumu. Hatutoki."

Mfamasia anatazama saa, kisha anavuta kiti na kumpa Fraser. Karatasi inaingia saa sita na dakika ishirini. Fraser anakunywa dawa yote.

Kwa miaka sita Senga amewapokea watu 214. Tisa amewazika, na majina yao anayataja bila kusita. Ni kazi ngumu, na sijaona anayeifanya kwa moyo kama huu.

Nje ya duka, Fraser anauliza atamlipa nini.

"Mwakani nikukute sokoni na mifuko yako na haraka zako, unipite kama hunijui, mtu mwenye maisha yake."

"Nitakusalimia tu."

"Thubutu," anasema Senga, akimfunga zipu ya koti mpaka kidevuni.