Mkasi wa Kanchipuram

Ipo siku moja ya Satwa, mtaa wa Dubai, ambayo nikiikumbuka, mwanangu, hata nikiwa nimekaa kitako na chai mkononi, mguu huanza kutikisika wenyewe. Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu. Nilikuwa nimeshapita thelathini, ila nilijiita kijana na hakuna aliyenipinga, labda kwa kuwa walijua ningebishana.

Kazi yangu ilikuwa kupatana. Wanawake wa pwani waliokuja Dubai kununua nguo za harusi walinichukua niwatangulie madukani, nami sikuwahi kukubali neno la kwanza la mwenye duka. Kitambaa nilikipima mara mbili, na ukiniletea salamu kutoka kwa watu watatu nilitaka majina. Kutulia nilikuwa siwezi. Basi likichelewa kituoni, mimi nishaanza kutembea kwenda kituo cha mbele, na njiani linanipita.

Mwaka huo Bi Zuhura, mama wa Kiunguja anayekaa mtaa wa Al Warqa, alikuwa anamwoza binti yake Rahma. Rahma alitaka kitu kimoja tu siku ya kupambwa: sari ya hariri iliyofumwa kwa mkono, nyekundu kama komamanga, taraza ya dhahabu ukingoni. Nikawapeleka kwa Amma, mjane wa Kihindi mwenye duka dogo Satwa. Amma alizaliwa Kanchipuram, kusini mwa India, katika nyumba ya wafumaji, na Kiswahili alikiokota kwa wateja wake wa Unguja na Mombasa. Akaagiza kwa mpwa wake mfumaji kule kwao. Bi Zuhura alipouliza kama itawahi, Amma alisema, "Inshallah." Mimi nikasema, "Itawahi."

Harusi ikakaribia, sari hakuna. Mke wa yule mpwa alikuwa ameshikwa na homa, kazi ikasimama, ikaanza, ikasimama tena. Nikawa naingia dukani asubuhi na jioni. Sikai. Nagusa vitambaa, nakunja vilivyokwisha kunjwa.

"Wewe kama nzi wa halua," Amma akaniambia. "Kaa, binti."

"Nikikaa itafika?"

"Ukisimama itafika?"

Mchana mmoja alitoka kumpimia mteja blauzi, nami nikachukua simu ya duka, nikampigia mpwa mwenyewe. Aliwahi kufanya kazi Sharjah, tukaelewana kwa Kiarabu cha madukani. Akaniambia mwili wa sari umekwisha, imebaki ile ncha ya kuangusha begani, ambayo wao huiita pallu.

"Khalas, kata hapo hapo," nikamwambia. "Bibi harusi mwenyewe mfupi. Yalla, ipate ndege ya kesho."

Akajibu, "Sawa, madam."

Niliona nimefanya biashara nzuri. Nimezoea kupunguza, mwanangu, nikadhani na nguo hupunguzwa. Amma aliporudi nikamweleza kwa kujisifu. Akauvua mkanda wake wa kupimia shingoni, akauweka mezani polepole.

"Umemwambia akate?"

"Mita moja tu, Amma."

Akapiga simu. Inaita, haipokelewi. Akapiga tena. Nikasimama, akaninyooshea kidole kuelekea kwenye kigoda.

"Kaa! Mji wetu unaujua wewe?"

Na huku simu inaita, akanieleza. Mji wa mahekalu, mnara huku, mnara kule, na hariri yake imefika dunia nzima, lakini kiwavi wa hariri pale humwoni: nyuzi zinatoka jimbo la jirani, uzi wa dhahabu unatoka Gujarat. Cha kwao ni mikono. Alfajiri, kabla jua halijawa kali, nyuzi hutandwa mtaani urefu wa nyumba kadhaa, watu wanazipaka maji ya wali zikakamae, na mwenye pikipiki anazunguka njia nyingine bila kulalamika. Ndani, mume hukaa miguu ikiwa shimoni chini ya kitanda cha kufumia, na mke hukaa pembeni kumrudishia uzi upande wa taraza. Ndiyo maana homa ya mmoja husimamisha wawili. Na pallu huja mwisho, ndiyo yenye nakshi zote.

"Watu wanakaa njaa wafike pale," alisema. "Wewe umewaambia waitupe, kwa sababu miguu yako inawasha."

Mwanangu, nimetukanwa na madalali wa bandari mbili, neno halijaniingia. Hili liliniingia.

Simu ikapokelewa. Amma akasema kwa lugha yao, akasikiliza, kisha akaanza kucheka mpaka akajipangusa macho kwa pindo la sari.

"Alilirudia neno lako kwa lugha yetu, mkewe akalisikia kitandani alikolala," akaniambia. "Ameinuka na homa yake, ameuchukua mkasi, ameukalia. Kasema anayetaka kukata amnyanyue kwanza."

"Na mumewe?"

"Anamwogopa. Mwanamume mwenye akili." Kisha akaacha kucheka. "Sasa nenda Al Warqa. Leo."

"Nikamwambie inshallah kesho?"

"Kamwambie haitawahi."

Nilikwenda. Mlangoni pa Bi Zuhura nilipiga hodi mara mbili nikiomba wawe wametoka. Walikuwepo.

"Si wewe uliyesema itawahi?" Bi Zuhura akaniuliza.

"Ni mimi."

"Amma hakusema hivyo."

"Hakusema."

Rahma alilia, sitakuficha. Alilia kilio cha mtu aliyeshaiota nguo. Halafu akaniuliza, "Lakini itakuja nzima?" Nikamwambia nzima, na pallu yake. Akasema, "Basi waacheni wafume." Alipambwa kwa sari ya shangazi yake, ilimpwaya kiunoni, na Bi Zuhura hakunisemesha harusi nzima. Ile ya Kanchipuram aliivaa sikukuu iliyofuata, kwa mumewe, na mama mkwe wake akaishika ile ncha ya begani, akaigeuza upande wa ndani, akaigeuza tena kuutazama ufumaji.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Bei patana utakavyo, hata mimi niite nije nikusaidie. Lakini muda ulio mikononi mwa mtu mwingine usiupunguze, maana hujui unakata wapi. Na ukishajua kwamba ahadi yako haitatimia, mwendee anayesubiri mapema, uso kwa uso, akiwa bado na nafasi ya kuamua.

Mungu akupe mikono ya kuaminiwa, na watu wa kukukatalia unapokosea. Akujaalie na utulivu. Mimi bado nabishana Naye juu ya fungu langu.