Waya wa Chumba cha Habari

Siku ya Jumatatu, tarehe 4 Machi 1991, saa tatu kamili asubuhi, tulikutana watu saba katika chumba cha mitambo cha kituo chetu cha televisheni ili kuchagua amplifaya mpya za kugawa picha, yaani vyombo vinavyopokea picha moja na kuipeleka, bila kufifia, kwenye skrini za vyumba vingi.

Kwa miaka kumi na tisa uchaguzi huo ulikuwa wa fundi mkuu, tuliyemwita Futikamba, kwa kuwa hakuachana na futikamba yake ya kupimia hata msibani. Safari hii meneja alimkabidhi shemeji yake Futikamba, mdogo wa mke wa Futikamba, aliyerejea kutoka masomoni miezi minne tu nyuma. Nyumbani, Futikamba alitulalamikia, mke hakuwa na wimbo mwingine ila mdogo wake. Kwenye meza yake mwenyewe, Futikamba alijiona kama amekuwa mgeni.

Shemeji alipima nyaya kwenye ramani ya jengo, akapata mita tisini na nane hadi chumba cha habari, akachagua amplifaya zinazomudu mita mia. Meneja akauliza kama yupo mwenye neno.

"Mimi nina neno gani?" akasema Futikamba. "Mwenye cheti ameshasema. Sisi wa futikamba tunasikiliza."

Tukacheka. Kijana naye alicheka, kisha akamwomba kwa adabu amkosoe. Futikamba akajibu kwamba chanda chema huvikwa pete.

Amplifaya zilipofungwa, picha za chumba cha habari zilipauka, na maandishi yakaingia ukungu. Meneja akatuita sote, akamtaka kijana ajieleze kabla hajamwachisha kazi. Kijana akashikilia kwamba ramani inasema tisini na nane. Hapo Futikamba alishindwa kujizuia.

"Ramani inajua nini, shemeji? Waya ule niliuzungusha nyuma ya lifti kwa mikono yangu. Mita mia na sitini na mbili."

Kijana akamtazama. "Kwa hiyo siku ile ulijua?"

Futikamba hakuwahi kudanganya hata kwa inchi moja. "Nilijua," akasema. "Nilitaka wakuone."

Meneja alimhamishia stoo. Hakwenda, aliweka funguo mezani akatoka. Amplifaya zilibadilishwa, kijana akapewa ufundi mkuu, na dada yake, mke wa Futikamba, hakumsemesha mdogo wake huyo mwaka mzima.

Katika wale saba, tulibaki sita.